Maji Yavujapo Nyumbani: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo Chake

Katika nyumba nyingi za Buzebazeba, kama katika kata nyingine za Ujiji, mvujo wa maji husomwa katika bili kabla haujaonekana kwa macho. Mwisho wa mwezi huja ankara ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Kigoma/Ujiji, ambayo sote twaiita KUWASA, ikidai fedha maradufu ya zile za mwezi uliotangulia, ilhali hapakulala mgeni, hapakupikwa harusi, wala hapakufyatuliwa tofali uani. Na aghalabu lawama ya kwanza humwangukia msoma dira, ya pili humwangukia mpangaji mwenye watoto wengi, na ya tatu, ambayo ilistahili kutangulia, huliangukia bomba.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba, na kwa ajili ya mpangaji pia, ambaye huenda hajapata kushika spana maishani mwake, lakini ana macho, ana subira, na ana haki ya kujua fedha zake zapotelea wapi. Kanuni yake ni moja. Maji hushuka na kutambaa kabla ya kujionyesha, kwa hiyo mahali palipolowa ni mwisho wa safari yake, na mwanzo wa safari hiyo sharti utafutwe juu zaidi au mbali zaidi, kwa kufunga sehemu moja moja ya mfumo wa maji hata ibaki ile isiyo na udhuru. Fundi wa mitumbwi katika mwalo wa Ujiji, akiona maji yamejaa chini ya chombo, hakalafati pale yalipokusanyika, maana ajua kuwa maji hukusanyika palipo chini hata kama yameingilia kwingine; hufuata maungio ya mbao, moja baada ya jingine, mpaka alione lenye kosa. Nyumba nayo haihitaji elimu iliyozidi hiyo.

Yaweza kudhaniwa kwamba mtu aishiye kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, hana sababu ya kuyahesabu matone. Dhana hiyo ni ya uwongo. Maji ya ziwani ni bure kwa yule tu ayachotaye kwa ndoo na kuyabeba kichwani. Yale ya bomba yamepandishwa kwa mashine, yametibiwa kwa dawa, yamehifadhiwa katika matanki, na kila hatua ya safari hiyo ina gharama. Fauka ya hayo, tundu litoalo maji bomba linapojaa huweza kuingiza uchafu bomba linapokauka kwa mgao, kwa sababu maji yakipungua ghafula ndani ya bomba huvuta yale yaliyo nje yake. Mkoa uliokwisha kuonja kipindupindu, kama kile kilichozuka Mei 2015 miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliofikia Kagunga, hauna haja ya kuhubiriwa sana juu ya jambo hilo.

Zitambue aina za maji

Kabla ya kugusa chochote, jiulize: maji haya ni ya namna gani? Nyumba ina maji ya aina tatu, na kila aina huvuja kwa tabia yake.

Ya kwanza ni maji masafi yaliyo ndani ya bomba, ambayo husukumwa mchana na usiku, na kwa hiyo huvuja mchana na usiku, mtu akiwapo au asipokuwapo. Tena huzidi usiku wa manane, wakati mji umelala na msukumo umeongezeka. Ya pili ni maji machafu yatokayo katika sinki, bafu na choo, ambayo hayana msukumo wowote, na kwa hiyo huvuja pale tu mtu anapoyamwaga, kisha hukoma. Ya tatu ni maji ya mvua, ambayo hupenya katika bati, katika ufa wa ukuta au katika msingi, na hufuata majira.

Tofauti hiyo hukuokolea nusu ya kazi. Doa la ukutani likipanuka katika masika yetu, yaani kuanzia Oktoba au Novemba hata Mei, kisha likakauka kiangazi kikiingia, tazama bati na misumari yake kabla ya kulaumu bomba. Sakafu ya jikoni ikilowa baada ya kuosha vyombo na kukauka kabla ya adhuhuri, tazama njia ya maji machafu. Bali unyevu usiojali mvua wala jua, wala kuosha wala kutokuosha, ni dalili ya bomba lenye msukumo, na huo ndio uonekanao katika bili. Kwa sababu hiyo miezi ya kiangazi, Juni hata Septemba, ndiyo bora kwa uchunguzi, maana ardhi yote huwa kavu na kila palipolowa huwa na maelezo yake.

Andaa vyombo vichache: tochi, vitambaa vikavu, magazeti ya zamani, kipande cha chaki au mkaa, kikombe chenye kipimo, rangi kidogo ya chakula, daftari na kalamu. Spana haitakiwi bado.

Dira iseme kwanza

Dira ya maji ni shahidi asiye na upendeleo, mradi asomwe vizuri. Namba nyeusi huhesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Namba nyekundu, au visahani vyenye mishale myekundu, huhesabu sehemu ndogo za uniti hata kufikia lita. Dira nyingi zina pia kinyota au kipembetatu kidogo katikati ya uso wake, ambacho huzunguka kwa mtiririko mdogo ambao namba haziwezi kuuonyesha upesi.

Chagua siku ambayo maji yanatoka, kwa sababu dira haiwezi kushuhudia mvujo katika bomba lililokauka. Wala usipime mara tu maji yarudipo baada ya mgao, maana hewa ipitayo mbele ya maji huweza kuizungusha dira na kukupa hesabu ya uwongo. Funga koki zote. Acha tanki lijae kwanza, kwani tanki linalojazwa ni mtumiaji kama watumiaji wengine. Kisha inama, futa kioo cha dira, na ukitazame kile kinyota kwa muda wa dakika chache. Kikitulia kabisa, mvujo wako, kama upo, hauko katika maji yenye msukumo, isipokuwa uwe umejificha nyuma ya tanki, kama itakavyoelezwa. Kikizunguka, hata kwa uvivu, yako maji yanayokwenda mahali usipopajua.

Kwa nyumba ya kupanga, ambamo vyumba vingi hutumia dira moja, kipimo bora ni cha usiku. Wakubaliane walio uani kwamba tangu saa nne usiku hata saa kumi na moja alfajiri hapana atakayefungua koki, na kila mmoja aweke ndoo yake ya choo na ya udhu mapema. Soma dira saa nne, andika. Soma tena saa kumi na moja, andika. Zikiwa zimepita lita 14 katika saa hizo saba, mvujo ni wa lita 2 kwa saa, ambao ni lita 48 kwa siku na lita 1,440 kwa mwezi wa siku thelathini, sawa na ndoo 72 zilizolipiwa na zisizomwogesha mtu. Hesabu hiyo ikiandikwa mbele ya wote, ugomvi wa nani hutumia maji mengi hupungua nguvu, kwa sababu imedhihirika kuwa mtumiaji mkubwa hana chumba.

Sasa gawa nyumba. Tafuta koki kuu, ambayo kwa kawaida huwa karibu na dira upande wa nyumba, uifunge, kisha urudi kwenye dira. Ikiendelea kuzunguka, na koki hiyo ikiwa imefunga sawasawa, mvujo uko katika kipande kifupi kilicho baina ya dira na koki. Ikitulia, mvujo uko mbele ya koki, kuelekea tanki au ndani ya nyumba. Ifungue tena, halafu funga sehemu moja baada ya nyingine: koki iingizayo maji katika tanki, kisha ile ya choo, kisha ile ya jikoni, kisha ile ya bustani, na kila ufungapo moja, rudi utazame dira. Usifunge mbili kwa mara moja, kwani dira ikitulia hutajua ipi kati ya hizo mbili iliyoituliza. Andika kila jaribio, maana kumbukumbu ya mtu aliyeudhika haiaminiki.

Tanki na boya lake

Watu wengi wameweka simtanki juu ya mnara wa matofali au wa vyuma kwa sababu ya mgao, na tanki hilo, pamoja na baraka zake, ni mwivi hodari. Kosa lake kubwa ni boya. Boya likiwa limelika, limeingia maji, au limekwama kwa takataka, halifungi njia ya maji tanki lijaapo, na maji yaendelea kuingia na kumwagika kwa bomba la ziada, aghalabu usiku, wakati msukumo ni mkubwa na hapana mtu wa kuyaona. Asubuhi jua limekwisha kukausha ushahidi. Weka kopo tupu chini ya mdomo wa bomba la ziada ulalapo. Likiwa na maji uamkapo, umempata mwivi bila kupanda ngazi.

Mwili wa tanki hupimwa kwa njia nyingine. Funga koki iingizayo na ile itoayo, chora kwa chaki usawa wa maji, au chovya ufito mkavu na kutia alama palipolowa, kisha acha usiku upite. Usawa ukishuka, tanki lenyewe au maungio yaliyo baina ya koki hizo mbili yanavuja, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale bomba lilipotobolewa kuingia tankini, kwa sababu washa ya mpira iliyo hapo huchakaa kwa jua mapema kuliko plastiki. Usawa usiposhuka, fungua koki ya kutoka huku nyumba nzima ikiwa imefunga koki zake, na upime tena. Ukishuka sasa, mvujo uko katika bomba litokalo tankini kwenda nyumbani. Mvujo wa namna hii hauitikisi dira kila saa. Huitikisa pale tu boya lijazapo pengo, na ndiyo sababu wengi huupoteza.

Choo

Choo cha kuvuta huvuja kimya kimya, na kwa hiyo hupasa kushukiwa kwanza hata kama sakafu yake ni kavu. Tia matone ya rangi ya chakula katika tanki la choo, usivute, na subiri nusu saa. Rangi ikionekana ndani ya bakuli, maji yanapita. Lakini yanapita wapi? Ziko njia mbili, na dawa zake ni mbalimbali. Tazama ndani ya tanki: maji yakiwa yamefika mdomo wa bomba la kumwagia ziada na kutiririkia humo, kosa ni la boya lililowekwa juu mno au lisilofunga. Yakiwa chini ya mdomo huo, kosa ni la mpira wa chini unaozuia maji kabla ya kuvutwa. Ukitaka yakini, tia alama ya penseli kwenye usawa wa maji, funga kikoki cha kuingizia, na ungoje. Usawa ukiendelea kushuka, mpira wa chini ndio wenye hatia.

Maji yaonekanayo sakafuni nyuma ya choo baada ya kuvuta tu, na yenye harufu, ni machafu, nayo hutoka katika ungio la bakuli na bomba la kwenda shimoni. Hilo ni la kutengenezwa siku hiyo hiyo, maana madhara yake hayangoji mwisho wa mwezi.

Jikoni, chini ya sinki

Chini ya sinki ndipo kanuni ya safari ya maji inapodhihirika kuliko mahali pote, kwa sababu katika nafasi ndogo yamekutana maji yenye msukumo na maji yasiyo na msukumo, na yote huishia katika dimbwi moja. Toa sufuria, madumu na vitambaa vyote. Kausha kila kitu: bomba, tumbo la sinki, nati za plastiki na ukuta. Tandaza gazeti kavu chini, na urudi nyuma.

Anza bila kufungua koki. Ngoja robo saa, kisha pitisha karatasi nyororo ya chooni kuzunguka kila ungio, ukianzia juu kushuka chini, kwa kuwa karatasi hiyo hubadilika rangi kwa unyevu ambao kidole hakiuhisi. Ikilowa sasa, kabla ya maji kutumika, kosa ni la upande wa msukumo: kikoki cha ukutani, bomba la kupinda liendalo kwenye koki, au nati zake. Ikiwa kavu, fungua koki maji yaende moja kwa moja katika tundu la sinki, na upapase tena. Ikilowa shingoni mwa koki, pale mkono wake uzungukapo, kifungashio cha shingo kimechoka. Koki ikitoa tone mdomoni baada ya kufungwa, washa yake imelika au kiti chake kimetoboka.

Kisha ziba tundu, jaza sinki hata nusu, na ungoje. Karatasi ikilowa hapo, maji yanapenya kwenye ukingo wa tundu, ambapo sinki limeungana na bomba lake. Ikiwa kavu, zibua maji yote yashuke kwa mkupuo, kwa kuwa maungio ya bomba la maji machafu, pamoja na ule mpindo ushikao maji ili kuzuia harufu, huficha kosa lake maji yapitapo kidogo, na kulitoa yapitapo mengi. Mwisho, mwaga kikombe cha maji nyuma ya koki, juu ya sinki. Kwani si mara chache dimbwi lililowahangaisha watu halikutoka bombani kamwe, limetoka juu, kwa maji yarukayo wakati wa kuosha, yakapenya baina ya sinki na ukuta.

Popote utakapoona unyevu, panda. Fuata bomba kwa kidole kuelekea juu mpaka ufike mahali pakavu. Mpaka uliopo baina ya pakavu na palipolowa ndio mlango wa maji. Ukilitilia shaka ungio fulani, likaushe, ulipake vumbi la chaki, na lile tone la kwanza litachora mstari mweusi kutoka lilipozaliwa.

Mashine za kuosha

Mashine ya kufulia imekwisha kuingia katika nyumba si chache, na ile ya kuoshea vyombo, ingawa ni adimu Ujiji, ni chombo cha kila siku kwa jamaa zetu walio Muskati, London na Toronto. Kwa zote mbili, la kwanza ni kuchomoa waya wa umeme kabla ya kuingiza mkono chini yake. Maji na umeme havina masihara.

Mashine hujieleza kwa saa yake ya kuvuja. Ikivuja ingali imezimwa, tazama bomba la kuingizia maji na ungio lake kwenye koki. Ikivuja ijazapo, tazama mlango wa maji uliomo ndani, na kama maji yapita kiasi, boya dogo lililomo huenda limekwama. Ikivuja katikati ya kuosha, tazama mpira wa mlangoni, kama una uchafu, ufa au mkunjo. Kwa mashine ya vyombo, kagua pia mikono irushayo maji, kwani ufa mdogo katika mkono huelekeza maji mlangoni, na uulize ni sabuni gani imetiwa, kwa kuwa sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono hufanya povu jingi linalojipenyeza nje ya mlango. Ikivuja imwagapo, tazama bomba la kutolea, kibano chake na pampu. Na kabla ya yote hayo, hakikisha imesimama sawasawa, maana mashine iliyoinama upande mmoja huvuja bila kosa lolote ndani yake.

Tandaza magazeti chini yake kwa safu, kausha sakafu, iwashe, na ukae uitazame mpaka mwisho. Gazeti litakaloanza kulowa litakuonyesha upande, na saa litakapolowa itakuonyesha sehemu. Mambo hayo mawili yakijulikana, fundi hatapata nafasi ya kukubadilishia pampu nzima kwa ajili ya kibano kimoja.

Bomba lililozikwa

Huenda umefunga kila kitu, tanki, choo, jikoni na bustani, na dira ingali inazunguka. Basi mvujo uko ardhini. Tembea juu ya njia ya bomba alfajiri, kabla ya jua, ukitafuta udongo uliolowa, majani mabichi kiangazini, mahali palipotitia, au siafu na vyura walioweka maskani pasipostahili. Kumbuka kwamba penye mchanga maji huzama na huenda yasionekane kabisa, na penye udongo mzito huibuka mbali na tundu, upande wa mteremko. Usiku wa kimya, gusisha ncha ya nondo kwenye bomba la chuma au koki, na sikio kwenye ncha ya pili. Mvujo wenye nguvu huvuma, na mvumo huongezeka ukaribiapo.

Kama njia ya bomba haijulikani, muulize aliyejenga, au jirani mkongwe. Chimba kwanza kwenye maungio na pembe, kwa sababu bomba jeusi la plastiki lililozikwa likiwa zima mara nyingi huharibika lilipounganishwa, lilipopindwa kwa nguvu, au lilipolazwa juu ya jiwe. Na mabomba ya chuma ya zamani huliwa na kutu kuanzia kwenye uzi, ambako chuma kilichongwa kikawa chembamba.

Matengenezo na mipaka yake

Chanzo kikijulikana, kazi iliyobaki aghalabu ni ndogo. Washa ya koki, mpira wa choo na boya ni vitu vya bei nafuu, na mtu mwangalifu aweza kuvibadili mwenyewe, baada ya kufunga koki kuu na kufungua koki iliyo chini ili msukumo ulio ndani ya bomba utoke. Chukua kile cha zamani dukani ukilinganishe, usiende na kumbukumbu tupu. Utepe mweupe wa kufungia uzi wa bomba uzungushwe kwa upande ule ule wa kukaza, ama sivyo utajikunjua ungio linapokazwa. Nati ya plastiki ikazwe kwa mkono na kuongezewa kidogo tu, maana ikazwayo kwa hasira hupasuka, na mpasuko huo hutokea siku nyingine, usiku, ukiwa umekwisha kumshukuru fundi. Gundi ya bomba ipewe muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya maji kufunguliwa.

Iko mipaka miwili ambayo haifai kuvukwa. Wa kwanza ni umeme: maji yakitiririka karibu na soketi, swichi au sanduku la mita ya umeme, zima swichi kuu na umwite fundi wa umeme kabla ya fundi bomba. Wa pili ni dira. Dira na lakiri yake ni mali ya mamlaka, na bomba lililo nyuma yake, upande wa barabara, si lako kulifungua, hata kama nia yako ni njema; mvujo wa hapo hutolewa taarifa KUWASA, kwa kutaja mtaa, alama ya karibu na saa ulipouona. Bomba lililo mbele ya dira, kwa upande wa nyumba, ni dhima ya mteja, na maji yaliyopotea humo hulipiwa kama maji yaliyonywewa.

Ukimwita fundi, usimwambie kwamba maji yanavuja, hilo ajua. Mwambie dira yazunguka lita ngapi kwa saa, ni koki gani ikifungwa inatulia, na ni saa gani unyevu huonekana. Fundi mwaminifu atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi, na asiye mwaminifu atajua kwamba nyumba hii ina mtu anayehesabu. Baada ya matengenezo usimlipe kabla hujarudia kile kipimo cha kwanza: koki zote zimefungwa, na kinyota cha dira kimetulia mbele ya macho yenu nyote wawili.

Basi, msomaji, soma dira yako siku ya kwanza ya kila mwezi na uandike namba hiyo kwenye daftari au nyuma ya mlango, iwe unashuku kitu au hushuku. Namba ikipanda bila sababu, anza uchunguzi usiku huo huo, ankara ikiwa haijaandikwa bado. Na uonapo maji yakitiririka barabarani, hata kama si ya nyumba yako na hutayalipia, toa taarifa, kwani yamepunguzwa katika bomba la mtu mwingine wa Buzebazeba ambaye usiku huo anangoja ndoo yake ijae.